Masinde na Mishono Kumi na Moja

(Ukurasa huu wa mbele niliuacha wazi. Naujaza leo, 18 Desemba 1954, kwa sababu nimechoka kusikia ujinga.)

Wote wanaisimulia vibaya. Owino dereva wa trekta anasema ni yeye aliyeokoa Masinde, ati alimkaripia afisa kwa Kizungu. Kizungu ya Owino ni "yes" na "petrol", basi. Wanawake pale kwa bomba ya maji wanasema Masinde alipuliza na lile gunia la kichwani mwa yule mtu wa askari likaanguka lenyewe. Kule Njoro nimesikia kuna ng'ombe katika hii habari. Ng'ombe aliingilia wapi, sijui.

Mimi ni Dalmas Odero, mzee wa stoo ya magunia, shamba la Bwana Haraka, Mzungu wetu, huku Mau Narok. Shule sijaingia hata mlangoni. Herufi nilifundishwa na mgonjwa mwenzangu hospitalini Dodoma, wakati wa vita ya Kariakoo, ile ya kubebea Wazungu mizigo, baada ya mimi kubeba bunduki ya mtutu mkubwa peke yangu kutoka Voi. Yule mwalimu akafa tukiwa tumefika R. Zile za mbele nilijitafutia mwenyewe. Lakini nilikuwa hapa siku zote, macho wazi, na niliandika siku kwa siku. Ukitaka ukweli, soma hii.

18 Oktoba, Jumatatu

Kombaini ya kuvuna imeingia kwa ngano ya juu leo. Kitabu hii nimenunua Nakuru kwa duka la Mhindi. Nimeanza kuandika kwa sababu siku hizi kila mtu anachungwa, na mimi nataka kuwachunga wanaochunga.

19 Oktoba

Baridi. Hakuna kitu.

21 Oktoba, Alhamisi

Leo nimemwangalia Masinde mchana kutwa, na ninasema hivi: huyu anatudanganya.

Masinde ni mtoto wa Nasimiyu, jirani yangu hapa laini, kambi ya wafanyakazi. Nasema mtoto, lakini ana miaka ishirini na tatu, ndevu anazo. Alizaliwa mwaka ule nzige walimaliza mahindi. Hakulia kama watoto wengine. Ukimbeba alikuwa anakauka kama ubao. Mashine ya kupura ikianza, anaziba masikio na kupiga kelele mpaka mashine inazimwa, halafu anachukua kifuniko cha debe, anakizungusha chini, anakitazama kikizunguka kutoka asubuhi mpaka ugali wa jioni. Hakusema neno moja mpaka miaka sita.

Makokha baba yake alizunguka naye kila mahali. Kwa waganga, akachanjwa kifua. Kwa wahubiri, akapigwa kichwa na Biblia. Mbuzi wanne walikufa kwa ajili ya huyu mtoto, na bado akawa vile vile. Siku moja nyapara alikuwa amemaliza kuita majina ya asubuhi, watu wanatawanyika na majembe, tukasikia sauti ya nyapara nyuma yetu: "Owino! Niko. Ndung'u! Niko. Odero! Niko, bwana." Tukageuka. Ni Masinde. Majina arobaini na mbili, kwa mpangilio, na kila mtu na sauti yake ya kuitika. Yangu aliitoa na kikohozi ndani yake.

Makokha aliposikia hiyo, alisema si mtoto wake, ni mtoto wa upepo. Mwezi haukuisha akaenda Kitale, akaoa mwingine. Nasimiyu akabaki.

Kushona gunia alifundishwa na mimi, hiyo mtu asinibishie. Alikuwa na miaka kumi, nikampa sindano ile kubwa na uzi wa katani, nikamwonyesha mara moja: sikio huku, sikio huku, na mishono katikati. Mara moja tu! Tangu siku ile anaweka mishono kumi na moja. Si kumi, si kumi na mbili. Ukimharakisha akakosa, anafungua yote anaanza upya, hata kama Bwana Haraka mwenyewe amesimama hapo anatukana.

Hakutazami usoni. Ukimwuliza kitu anakurudishia swali lako. Maharagwe yakigusa ugali hali. Sasa mimi najiuliza: mtu anayejua majina arobaini na mbili, na anajua kumi na moja kila mara, anashindwa vipi kujibu "habari ya asubuhi"? Anajua. Anatuficha kitu.

24 Oktoba, Jumapili

Nimemfuata. Kila siku saa kumi na moja jioni anaondoka stoo, anapita njia ile ile, mpaka ua wa waya unaotazama msitu. Mwezi jana lori lilisimama juu ya njia yake. Hakuzunguka. Alisimama nyuma ya lori mpaka dereva akarudi.

Pale kwa ua anaweka sikio juu ya waya. Anafunga macho, anayumba mbele na nyuma, vidole vinacheza kando ya shavu. Huko mbele ni msitu, na msituni ndio kuna wale watu wanaotafutwa na serikali.

Nikarudi nikamwambia Owino. Owino akasema, "Mzee, hiyo ni simu. Huyu anaongea na watu wa msitu."

"Kwa waya ya ng'ombe?"

"Wewe unajua simu inapita wapi? Ulishawahi kufungua moja?"

Sikuwahi. Nimelala vibaya.

26 Oktoba, Jumanne

Wamemchukua Ndung'u.

Lori la askari lilikuja asubuhi wakati wa kukamua. Wakashusha mtu amevaa koti refu mpaka vifundoni, na kichwani amevalishwa gunia, matundu mawili ya macho. Hatujui ni nani. Wanaume wote tukapangwa mstari, na yule akapita mbele yetu. Hasemi. Akitikisa kichwa kulia na kushoto, umepona. Akiinamisha mbele, umekwenda.

Kwa Ndung'u aliinamisha. Ndung'u amekamua ng'ombe wa hapa miaka ishirini. Alikuwa bado ameshika ndoo. Afisa ni kijana tu, pua imebambuka na jua, akasema, "Weka ndoo." Ndung'u akaiweka taratibu, maziwa yasimwagike.

Mimi nilikaza macho kwa yale matundu. Macho ya mtu nikiyaona mara moja simsahau. Lakini niliona giza tu, na maji kidogo.

27 Oktoba

Mvua kidogo. Kombaini imelala.

30 Oktoba, Jumamosi

Siku ya posho. Watu wamepanga foleni ya unga kimya kama wako matangani. Yule mtu wa gunia anatujua mmoja mmoja, maana yake anakaa na sisi. Nimemfikiria kila mtu.

Owino ana kofia mpya. Chepkosgei mwuza maziwa anauliza sana: fulani amelala wapi, fulani ameamka saa ngapi. Nyapara mguu wake unauma kila siku ya lori, hasimami kwa mstari. Masinde hapana, yeye alikuwa kwa mstari pamoja na sisi, ameziba masikio. Lakini anaweza kuwa anampelekea mwingine habari. Waya ile.

Ephantus karani wa stoo sina neno naye. Ni mtu wa kanisa, na hunipa vipande vya penseli. Hii ninayoandikia ni yake.

3 Novemba, Jumatano

Kumbe na mimi wananifikiria! Nilifika kwa bomba, maneno yakakatika kama kamba. Owino akanitolea macho.

"Mzee Dalmas, unaandika nini kila siku? Unatuandika sisi?"

"Nakuandika wewe. Unataka kusikia?"

"Soma."

Nikafungua kitabu, nikasoma: Owino akikoroma, fisi wa Mau wanaitika wakidhani ni shemeji yao. Hiyo haikuwa imeandikwa, niliitunga pale pale. Wanawake walicheka mpaka debe moja likamwagika. Owino hakucheka sana. Nasimiyu peke yake hakucheka kabisa, alikuwa ananitazama mkono wenye kitabu.

5 Novemba

Ngano nyingi. Mgongo.

9 Novemba, Jumanne

Leo nimefanya kitu. Nitaandika polepole.

Saa nne koplo alifika stoo na askari wawili, wakatupa chini gunia tupu, chafu, limefunguliwa upande wa chini tu, mdomo wake wa juu bado umeshonwa. Limeokotwa msituni, ndani, mahali moto ulikuwa umewashwa. Ngano ya shamba letu imeliwa huko. Anayewapelekea chakula watu wa msitu, sisi sote tunajua atachukuliwa, na mama yake hataambiwa ni wapi.

Koplo akauliza, "Nani anajua gunia hii?"

Watu wote walikuwa wanatazama chini. Owino alikuwa ameanza kukagua trekta yake mahali ambapo haina ugonjwa. Na mimi, mjinga mzee, nikaona nafasi ya kujionyesha.

"Lete hapa," nikasema. "Hii? Hata nikiwa kipofu naijua. Gusa: sikio hili, sikio hili, mishono kumi na moja, fundo limefichwa ndani. Rift Valley nzima hakuna mtu anashona hivi isipokuwa Masinde. Na mimi ndiye mwalimu wake!"

Nilitazama kulia na kushoto nione kama watu wamenisikia vizuri. Walikuwa wamenisikia.

"Masinde ni nani?" akauliza koplo.

Ephantus alikuwa na kitabu chake cha kuhesabu magunia. Akaandika jina haraka. Penseli yake ikagonga paja, moja mbili tatu, vile anafanyaga akihesabu. Masinde alikuwa hatua kumi kutoka hapo, anashona. Hakuinua kichwa.

Koplo akasema wakubwa watakuja wenyewe, na huyo mtu asitoke shambani.

10 Novemba, Jumatano

Nasimiyu amekuja kwangu kabla ya kengele ya kazi. Hakubisha hodi.

"Mzee Dalmas, mdomo yako iko na miguu. Imetembea mpaka imeingia kwa nyumba yangu."

"Mama Masinde, niliulizwa."

"Kila mtu aliulizwa. Nani alijibu?"

Nikamwambia sikusema kwa ubaya, nilisema kazi yake ni nzuri. Akasema, "Basi nzuri hiyo itamfunga." Halafu akakaa juu ya kigogo changu cha mlangoni na kuongea kama mtu anayeongea na moto.

"Wakimchukua, unajua atafanya nini? Watamwuliza jina, atawaambia jina. Watampiga, atakauka. Watampa maharagwe juu ya ugali, hatakula. Siku ya nne atakuwa amekufa, na wataandika alikataa kusema. Mimi ndiye najua kumlisha. Sahani mbili. Ni kitu kidogo tu, sahani mbili! Nani huko atampa sahani mbili?"

Kengele ya kazi ikalia.

Akisimama akasema, "Na wewe unadhani anajifanya. Nakuona ukimfuata. Miaka ishirini na tatu, mzee. Nani anaweza kujifanya miaka ishirini na tatu? Wewe unajifanya shujaa, na ikifika Jumamosi jioni umeshachoka."

12 Novemba, Ijumaa

Nimekwenda kwa ua, saa nane mchana, wakati wa mapumziko, Masinde akiwa bado anashona. Nikatazama nyuma kama kuna mtu. Nikaweka sikio kwa waya.

Waya inaimba. Upepo unatoka bondeni unaigusa mahali mbali sana, sauti inakuja inapanda inashuka, kama wanawake wengi kanisani kabla hawajaanza maneno. Hakuna mtu anayekutaka kitu ndani yake. Nilipotoa sikio nilikuta watu wamerudi kazini zamani na nyapara ananitafuta. Nikamwambia nilikuwa nakagua ua.

Si simu. Nimemwambia Owino. Amesema, "Sasa na wewe wamekuingiza."

13 Novemba

Nimefikiria hivi. Kila gunia la shamba hii anashona Masinde. Zile zinazokwenda stesheni, za mbegu, hata nililolalia mimi. Basi lile la msituni linasema tu limetoka stoo. Na ufunguo wa stoo uko na watu wawili: Bwana Haraka, na Ephantus.

Ephantus, mtu wa kanisa.

Nimetazama penseli yangu vibaya sana.

15 Novemba, Jumatatu

Mvua. Bwana Haraka anatembea juu na chini anatukana mawingu. Gunia mia sita bado hazijashonwa, na ngano ikilowa imekwisha.

16 Novemba

Nilitaka kumwambia Bwana Haraka mambo ya ufunguo. Nilifika mpaka kwa ngazi ya nyumba yake. Mbwa alibweka, nikarudi. Mbwa mkubwa.

19 Novemba, Ijumaa

Walikuja saa tatu asubuhi. Malori mawili.

Tulitolewa wote, wanaume na wanawake, tukachuchumaa chini mbele ya stoo. Afisa wa pua ya kubambuka alikalia magunia mawili yaliyojaa, kama kiti cha chifu. Kando yake mkalimani, kando ya mkalimani lile gunia chafu la msituni. Bwana Haraka alisimama nyuma na saa yake mkononi. Na yule mtu wa koti refu na gunia kichwani akashushwa, akasimamishwa kati yetu na lori.

Nikatazama watu nihesabu nani hayupo. Nyapara alikuwepo. Owino alikuwepo na kofia yake. Ephantus hakuwepo. Lakini mke wake alikuwa amesema tangu jana amekwenda Nakuru kwa meno. Unaona? Mimi nilishajua tayari. Lakini kujua na kusema ni vitu viwili.

Wakamleta Masinde. Askari alimshika mkono na Masinde akaanza ile sauti yake ya juu, moja tu, haikatiki. Nasimiyu akapiga kelele, "Usimshike! Atakuja mwenyewe, usimshike tu!" Mkalimani akatafsiri. Askari akaachilia. Sauti ikakatika. Masinde akasogea mwenyewe mpaka mbele ya afisa, akatazama kamba za viatu vya huyo afisa.

"Ulipeleka gunia hii msituni?" mkalimani akamgeuzia swali la afisa.

"Ulipeleka gunia hii msituni," akasema Masinde.

Afisa akageukia mkalimani. "Anakubali?"

Mkalimani jasho lilimtoka. "Bwana... anasema ni wewe ulipeleka."

Mtu mmoja alicheka, halafu wengi. Kucheka kwa hofu, kunatoka kama kikohozi. Afisa alikuwa mwekundu mpaka shingo. Akaelekeza kidole kwa yule wa gunia.

Yule wa gunia akasogea. Akasimama karibu kabisa na Masinde. Sisi wote tukakaza macho kwa yale matundu mawili, kama siku ya Ndung'u, kwa sababu mtu ukiogopa unatazama macho. Akainamisha kichwa. Ndiyo. Ni huyu.

"Lori," akasema afisa.

Masinde hakuwa ameyatazama matundu. Yeye macho ya mtu hayatazami tangu azaliwe, gunia au si gunia. Alikuwa anatazama chini, pale mkono wa koti unapoisha na vidole vinapoanza. Akanyanyua mkono wake mwenyewe, akagonga paja. Moja mbili tatu. Moja mbili tatu. Halafu akatoa sauti ya nyapara, ile ya asubuhi, kubwa:

"Ephantus!"

Na yule wa gunia, kabla hajajizuia, akashtuka na kichwa kikainuka, kama mtu yeyote anavyoshtuka akiitwa jina lake.

"Niko," akasema Masinde, kwa sauti ya Ephantus.

Sasa sote tukatazama ule mkono. Ulikuwa bado unagonga. Moja mbili tatu. Ukaacha. Umechelewa, ndugu yangu. Mke wa Ephantus aliweka kanga usoni. Kutoka nyuma mtu akasema polepole, "Ni karani." Na mwingine, "Ni karani mwenye ufunguo. Gunia alitoa yeye, sasa anamsukumia Masinde." Likapita watu wote kama upepo kwa ngano.

Askari wakamvuta yule wa gunia haraka wakamrudisha ndani ya lori. Mimi nikadhani imekwisha. Haikuisha. Afisa alikuwa na hasira kama nyuki, mtu wake ameharibiwa mbele ya watu. Akaliinua lile gunia chafu. "Hii bado iko! Mishono ni yake, mzee wa stoo alisema. Mweke kwa lori."

Wakamshika tena. Ile sauti ikaanza tena.

Hapo ndipo mimi nilisimama. Magoti haya, ambayo kwa kawaida yananichukua muda, yalinyooka kama ya kijana. Nikatoka mbele, nikavua kofia, nikasema kwa sauti iliyofika Naivasha: "Bwana, simama kidogo!" Afisa akasimama kwa mshangao. Nikalishika gunia alilokuwa amelikalia, nikageuza mdomo wake juu, nikahesabu kwa kidole, kwa nguvu, kila mtu asikie. Moja. Mbili. Mpaka kumi na moja. Nikashika la pili, kumi na moja. "Nenda ndani ya stoo, hesabu yote. Kama mishono ndiyo mwizi, basi funga na kiti chako!"

Bwana Haraka akacheka. Alikuja akaongea na afisa Kizungu cha haraka, anaonyesha mawingu, anaonyesha stoo, anaonyesha saa. Mkalimani alituambia kabla hajapanda lori: alisema ana gunia mia sita za kushonwa kabla ya mvua, na ukichukua huyu, njoo ushone wewe.

Hivyo ndivyo alivyopona. Si huruma. Ngano.

Wakamwachilia. Wakaondoka na malori yote mawili.

20 Novemba

Masinde hakuja kazini. Amekaa chini ya meza ya mama yake na kifuniko cha debe. Bwana Haraka ametuma watu mara tatu. Nasimiyu amewaambia, "Atakuja akija."

22 Novemba, Jumatatu

Lori dogo lilikuja kuchukua vitu vya Ephantus, kitanda na kuku. Mke hakuaga mtu. Nilitaka kufurahi. Nikakumbuka siku nilipougua kifua, yeye ndiye aliyenipelekea maziwa. Sijui naweka wapi hiyo.

Ndung'u hajarudi. Ng'ombe wake wanamkataa mkamuaji mpya.

25 Novemba

Masinde amerudi. Magunia hamsini na tatu. Nimehesabu mishono ya yote, ovyo tu, kwa raha yangu.

2 Desemba, Alhamisi

Watu wamebadilika. Zamani walisema ana shetani. Sasa wanamletea watu wao: "Masinde, huyu shemeji yangu mwangalie mkono, ni mtu mzuri?" Chepkosgei amemletea maziwa bure apimiwe mchumba wa binti yake. Masinde amechukua maziwa, mchumba hakumwona. Nasimiyu anawafukuza na mwiko. Anasema, "Jana mlimwogopa kwa ujinga, leo mnampenda kwa ujinga. Mwacheni ashone."

Na wale waliokuwa wanamwogopa bado wanaficha mikono wakipita karibu naye. Mimi mwenyewe naweka mfukoni.

11 Desemba

Gunia la mwisho. Kombaini imeoshwa.

26 Desemba, Jumapili

Jana tulikula Krismasi pamoja, laini nzima, nyuma ya nyumba ya Nasimiyu. Kuku watatu, chapati, chai ya maziwa mengi. Masinde alikaa kando na sahani zake mbili. Watu waliposhiba, Owino akaanza hadithi yake, alivyomkaripia afisa. Nikamwambia, "Nyamaza, wewe. Mimi nimeandika." Nikaleta kitabu.

Nilisoma kutoka mwanzo. Wananiheshimu nikisoma, hata watoto wanaacha kugombana. Pale kwa Ndung'u na ndoo walilia kidogo. Pale kwa mkalimani walicheka tena. Nikafika pale niliposimama, nikapandisha sauti, nikaonyesha na mkono nilivyogeuza gunia. Nikamaliza. Nikangoja.

Nasimiyu alikuwa anamimina chai. Hakunitazama.

"Soma tena hapo uliposimama," akasema.

Nikadhani amependa. Nikasoma tena.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Sauti haikufika Naivasha, haikufika hata kwa ua. Watu walikuwa wanatazama ndani ya vikombe. Owino, ambaye ana mdomo kama gari bila breki, hakusema kitu. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi, Owino kunihurumia.

Nasimiyu akanijazia kikombe. "Kunywa, mzee, itapoa," akasema, akaenda kuchukua vyombo.

Nimekaa nayo usiku na asubuhi yote ya kanisa. Sasa naandika.

Sikusimama. Aliyemwambia afisa asimame ni Nasimiyu. Yeye ndiye alivua kitambaa cha kichwa, yeye ndiye aligeuza gunia la ratili mia mbili na mikono yake, yeye ndiye alihesabu, na hajui kuhesabu vizuri, alirudia kutoka saba mara mbili. Maneno ya kiti ni yake pia. Mimi niliyeleta lile balaa nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya Owino, nimevuta kofia mpaka puani.

Owino pia hakusimama.

Hayo mengine yote ni kweli. Kesho saa za chai nitakwenda kumsomea Nasimiyu hii, mbele ya watu wale wale.